Tangi Jipya Lenye Samaki: Maji Safi Bado Si Maji Yaliyokomaa

SOMO LA UFUGAJI KWA VIKUNDI

Ndugu wanakikundi, somo la leo ni la vikundi vilivyojenga tangi la samaki, au vinavyokusudia kulijenga, huku kwetu bara: Likoni, Kisauni na Changamwe. Ploti zetu ni ndogo na nafasi ya kuchimba bwawa hakuna. Basi kikundi hujenga tangi la saruji nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja, au hununua tangi la plastiki la lita 1000. Wengine huanza na tangi la kioo la lita 60 ili wajifunze kwanza. Yote ni sawa, kanuni ni moja.

Mambo huenda hivi. Michango hukusanywa wiki baada ya wiki. Tangi husimamishwa na kujazwa maji, na vifaranga vya samaki hununuliwa na kutiwa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza kila mtu ana furaha. Maji ni maangavu, samaki wanarukia chakula, watoto wanakuja kutazama. Wiki ya pili samaki wanaanza kususa chakula. Siku ya kumi au ya kumi na mbili, alfajiri, wengine wanaelea.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Nani alikuwa zamu jana? Nani ametia kitu majini? Yule jirani aliyesimama ukutani juzi, alitaka nini? Mweka hazina naye anaambiwa eti amenunua vifaranga vibovu ili abaki na chenji. Pesa zimepotea, na baada ya mwezi kikundi chenyewe hakipo tena.

Kumbe mara nyingi hakuna mtu aliyefanya ubaya. Samaki wameuawa na taka zao wenyewe, kwa sababu tangi lilikuwa bado jipya. Jambo hili linajulikana, lina sababu yake, na linaweza kuzuiwa kwa ndoo, daftari na subira ya wiki kama sita.

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:

1. Kueleza kwa nini tangi jipya huua samaki ingawa maji yake ni maangavu.
2. Kulilea tangi ambalo samaki wamekwisha kuingia ndani yake.
3. Kutambua dalili za hatari na kujua la kufanya saa ile ile.

KWA NINI TANGI JIPYA HUUA

Samaki anapokula, sehemu ya chakula humjenga mwili na sehemu nyingine hutoka kama taka. Taka iliyo kali kuliko zote huitwa amonia. Hutoka zaidi kupitia mashavu yake, yaani pale anapopumulia. Chakula kilichobaki bila kuliwa kikioza nacho hutoa amonia. Huioni kwa macho, na ikiwa kidogo hata pua haiisikii. Ndiyo maana maji maangavu yanadanganya.

Katika mto au bwawa la zamani amonia hailimbikizani. Kuna vijidudu vidogo mno, yaani bakteria, vinavyoishi juu ya mawe, matope na mizizi. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa kitu kingine kiitwacho nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi la pili huichukua nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo haina ukali kwa samaki isipokuwa ikizidi sana, tena ni mbolea nzuri kwa mboga. Vijidudu hivi vilitengwa na kuchunguzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1890 na mwanasayansi Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, alipokuwa akifanya kazi Zurich, Uswisi. Kwa hiyo si habari mpya. Ni habari ambayo haijatufikia sote.

Sasa tazameni tangi lenu jipya. Kuta ni mpya, kokoto ni mpya, maji yametoka bombani. Vijidudu vile havipo, au vipo vichache mno. Navyo havizaliani kwa haraka kama vile vinavyochachusha maziwa. Vinahitaji wiki kadhaa kuenea. Katika wiki hizo taka zinatoka kila siku na hakuna wa kuzila.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na mabwawa 200 yakapangwa kuchimbwa katika kila moja ya majimbo 140 ya bunge. Wengi wakasikia habari za kufuga samaki wakati huo. Lakini yale yalikuwa mabwawa ya udongo, yenye ukubwa wa mita 300 za mraba hivi. Bwawa la udongo husamehe makosa, kwa sababu matope yake yana vijidudu na mwani wake hula amonia. Tangi la lita 1000 halisamehi. Basi msichukue desturi za bwawa mkazipeleka kwenye tangi bila kufikiri.

MFANO WA KARIBU: MAJONGOO WA BAMBURI

Anayetaka kuelewa jambo hili na afikirie machimbo ya Bamburi, pale Kisauni. Kampuni ya saruji ilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe, chini karibu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alianza kujaribu miti mahali hapo. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika.

Hata hivyo miti kushika hakukutosha. Majani makavu ya mvinje yalianguka na kurundikana bila kuoza. Miti ilikuwapo, lakini udongo haukuzaliwa, maana hapakuwa na wa kuyala majani yale. Ndipo akaletwa jongoo, huyu huyu tunayemruka njiani wakati wa mvua. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu, na udongo ukaanza kujengeka. Baadaye pakawa na mabwawa ya samaki na msitu ambao leo unaitwa Haller Park.

Tangi jipya ni kama machimbo yale. Mna maji na mna samaki, lakini hamna bado wale wadogo wanaokula taka. Kazi yenu ya wiki sita za kwanza ni kuwalea wao. Mkiwalea wao, wao watawalea samaki.

MAJI YETU YA PWANI

Kabla ya hesabu, tuangalie maji, kwa sababu maji ya huku yana tabia zake.

Maji ya bomba. Changamwe tunapata ya Mzima. Kisauni tunapata ya Baricho, kutoka mto Sabaki. Likoni tunapata ya Marere na ya visima vya Tiwi. Maji ya bomba hutiwa klorini ili tusipate magonjwa. Kwetu ni salama, lakini klorini hiyo huunguza mashavu ya samaki na kuua vile vijidudu tunavyovilea. Dawa yake ni rahisi: yawekeni maji kwenye pipa lililo wazi siku moja hadi mbili, mkiyakoroga mara kwa mara, klorini itatoka yenyewe. Kwa kuwa bomba halitoki kila siku, pipa hilo mtalihitaji kwa vyovyote.

Maji ya kisima. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa. Hapa pana faida na hasara. Faida ni kwamba vijidudu vinahitaji chokaa hiyo katika kazi yao. Hasara ni hii: amonia ina sura mbili, moja pole na moja kali. Maji yakiwa na kipimo cha pH 7 na joto la nyuzi 30, sehemu ya amonia iliyo kali haifiki hata 1 katika 100. Maji hayo hayo yakiwa na pH 8, sehemu kali hufika 7 hadi 8 katika 100. Yaani ukali mara kumi, na samaki ni wale wale. Joto letu la pwani nalo huzidisha ukali. Kwa hiyo mtu wa bara ya Mombasa lazima awe mwangalifu zaidi kuliko mfugaji wa mahali penye baridi.

Tangi la saruji mpya. Saruji mbichi hutoa chokaa nyingi na kupandisha pH kupita kiasi. Jazeni tangi, liache wiki moja, mwageni. Rudieni mara mbili au tatu kabla ya kutia samaki. Hapa hakuna njia ya mkato.

CHUJIO: NYUMBA YA VIJIDUDU

Vijidudu haviishi zaidi kwenye maji yenyewe. Vinashika juu ya vitu. Kwa hiyo vijengeeni nyumba. Chukueni ndoo kubwa au nusu pipa, jazeni kokoto za mawe ya matumbawe kutoka machimbo ya matofali, zilizooshwa mpaka maji yatoke safi. Msivunje matumbawe hai ya baharini. Hayo ndiyo nyumba ya samaki wa wavuvi wetu. Mkikosa kokoto, vifuniko vya chupa za soda vya plastiki na vipande vya wavu uliochakaa vinafaa. Pampu ndogo ivute maji kutoka tangini, iyapitishe ndani ya ndoo, yarudi tangini. Ikiweza kuyazungusha maji yote mara moja kwa saa, inatosha kwa kuanzia.

Vijidudu hivi vinapumua kama sisi. Stima ikipotea, maji yakasimama kwa saa nyingi, vinaanza kufa. Siku hiyo msilishe kabisa. Wa zamu achukue kopo, ateke maji na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, yapate hewa, na mengine ayapitishe kwenye ndoo ya chujio.

Mkitaka kufupisha safari, ombeni mbegu. Mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima awape konzi chache za kokoto zake au kipande cha sifongo cha chujio lake. Kibebeni kikiwa kimelowa maji ya tangi lake, kisikauke njiani, na mkiweke ndani ya chujio lenu siku ile ile. Mbegu nzuri yaweza kupunguza wiki sita zikawa tatu, hata mbili. Lakini msichukue mbegu kutoka tangi lenye samaki wagonjwa, kwa maana mtaleta na ugonjwa. Kuna pia chupa za vijidudu zinazouzwa madukani. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliochunguza matangi ya samaki waligundua kwamba kundi linalokula nitriti humo si lile lililotajwa vitabuni kwa miaka mingi, bali ni jingine. Basi msitegemee chupa peke yake. Mbegu kutoka tangi linalofanya kazi ina hakika zaidi.

HESABU YA SAMAKI NA CHAKULA

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Tushike hesabu moja tu: kila gramu 100 za chakula cha samaki cha dukani hutoa karibu gramu 3 za amonia.

Tuseme kikundi kina tangi la lita 1000 na kimetia vifaranga 200 vya ngege, yaani tilapia, kila kimoja gramu 10. Hao ni kilo 2 za samaki. Wakilishwa kama kawaida, gramu 3 kwa kila gramu 100 za uzito wao, watakula gramu 60 kwa siku. Watatoa karibu gramu 1.8 za amonia. Hiyo ni miligramu 1.8 kwa kila lita ya maji, kila siku. Kwa wiki moja imepita miligramu 12. Katika maji yetu ya chokaa, kiasi hicho kinatosha kabisa kuwaua.

Sasa kikundi cha pili kina tangi kama hilo, lakini kimetia vifaranga 30 tu. Hao ni gramu 300. Wiki za mwanzo wanalishwa nusu ya kawaida, gramu 4 au 5 kwa siku, kijiko cha chai kilichojaa hivi. Amonia inayotoka ni kama miligramu 0.15 kwa lita kwa siku. Kwa siku tatu haijafika nusu miligramu. Mkibadilisha maji kwa wakati, mtaweza kuishika.

Mtu atasema: "Vifaranga 30 kwa tangi kubwa hivi ni aibu." Si aibu. Hao 30 ni watumishi wa kulikomaza tangi. Wengine watafuata tangi likiwa tayari. Na kikundi ambacho bado hakijanunua samaki chaweza kufanya vizuri zaidi: tieni tangini chakula kidogo kila siku bila samaki, kioze na kulisha vijidudu, mpaka vipimo vionyeshe maji yako tayari. Hapo hakuna roho itakayoteseka. Somo hili ni la wale ambao samaki wamo tayari.

Na kama wameingia 200? Msingoje. Gawanyeni kwenye mapipa na matangi mengine yenye maji yasiyo na klorini, wapeni kikundi jirani baadhi yao, na acheni kulisha kwa siku mbili au tatu. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku tatu. Kwa amonia atakufa.

KALENDA YA WIKI SITA

Siku na siku hazilingani. Joto letu husaidia, wengine humaliza kwa wiki nne. Lakini mpango uwe wa wiki sita.

Wiki ya 1. Amonia inapanda. Lisheni nusu, mara moja kwa siku, na kisichoisha kwa dakika tano kiondolewe kwa kijiko cha wavu. Kila siku ya tatu toeni lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20, mrudishe maji yaliyokaa kwenye pipa. Yateke kutoka chini, maana taka hutulia huko. Msimwage mtaroni: maji hayo ni mbolea kwa sukuma wiki, mchicha na migomba.

Wiki ya 2. Amonia iko juu kabisa. Hii ndiyo wiki ya vifo. Mwenye matone ya kupimia apime kila siku. Huuzwa pale panapouzwa samaki wa mapambo. Kipimo cha amonia kikipita miligramu 1 kwa lita, badilisheni nusu ya maji siku hiyo na msilishe. Kwa maji yetu ya pH 8, hicho ndicho kiasi ambacho ngege huanza kupoteza hamu ya chakula. Msingoje zaidi.

Wiki ya 3 na ya 4. Amonia inashuka, na watu wanasherehekea mapema. Kumbe nitriti sasa inapanda. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ya kahawia, isiweze kubeba hewa. Samaki anakosa pumzi ingawa maji yana hewa. Dawa ni chumvi ya kawaida ya kupikia. Robo kilo kwa lita 1000, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo, inatosha kuizuia nitriti isiingie kupitia mashavu. Kila mkibadilisha lita 300, rudisheni gramu 75 za chumvi, maana nyingine imetoka na maji. Mwenye kisima cha Likoni au Kisauni aonje kwanza: kama ulimi unaisikia chumvi, basi imo tayari ya kutosha, asiongeze.

Wiki ya 5. Nitriti inashuka. Nitrati inaonekana. Mwani wa kijani unaanza kuota kwenye kuta. Rudini polepole kwenye chakula cha kawaida, mkipima.

Wiki ya 6. Amonia sifuri, nitriti sifuri, kwa vipimo vya siku tatu mfululizo huku samaki wanakula kawaida. Tangi limekomaa. Sasa ongezeni vifaranga 20 au 30, mngoje wiki mbili mkipima, kisha wengine tena. Vijidudu huongezeka kwa kadiri ya chakula vinachopata. Mkiwaletea samaki mara tano kwa siku moja, mmerudi wiki ya kwanza.

Wasio na matone ya kupimia wasikate tamaa. Wafuate kalenda hii kwa ukali zaidi: samaki wachache, chakula nusu, maji kila siku ya tatu bila kukosa hadi wiki ya sita. Na waulize ofisi ya uvuvi ya kaunti kama afisa anaweza kufika na kuwapimia.

DALILI ZA HATARI

Samaki wanasusa chakula. Acheni kulisha, badilisheni theluthi ya maji. Usiseme "leo hawana njaa."

Samaki wako juu wanatweta alfajiri, lakini mchana wako sawa. Hewa imepungua usiku, hasa kama maji yamekuwa ya kijani. Ongezeni hewa, maji yaanguke kutoka juu.

Samaki wanatweta mchana kutwa ingawa hewa ipo. Fungua mashavu ya mmoja aliyekufa. Yakiwa ya kahawia, ni nitriti: tieni chumvi na mbadilishe maji. Yakiwa mekundu sana na yamevimba, shukuni amonia kwanza.

Kambare hadanganyi kidogo, hudanganya sana. Yeye hupanda juu na kuvuta hewa, kwa hiyo huvumilia maji mabaya kuliko ngege. Kambare kuwa hai si ushahidi kwamba maji ni mazuri.

Samaki wamekufa saa chache tu baada ya kubadilisha maji. Hapo fikirieni klorini: maji hayakukaa.

MAMBO YANAYOLIRUDISHA TANGI NYUMA

Kuosha chujio kwa maji ya bomba. Mtu mwenye bidii huona kokoto zina utelezi, akazisugua kwa sabuni. Utelezi ule ndio vijidudu wenyewe! Chujio likiziba, lisuuzwe kidogo tu, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi.

Kumwaga maji yote ili "tuanze upya". Mkimwaga yote na kusugua kuta, mmeanza upya kweli, na wiki sita zinahesabiwa tena.

Kulisha kwa huruma. Wanachama watano wakipita, kila mmoja akarusha konzi moja, samaki wamekula mara tano. Mlishaji awe mmoja kwa siku.

DAFTARI NA ZAMU

Kikundi kinunue daftari moja la tangi, lifungwe kwa kamba karibu na tangi. Kila siku wa zamu aandike: tarehe, chakula alichotoa, maji yaliyobadilishwa, vipimo kama vipo, samaki waliokufa, na jina lake. Ni mistari miwili tu.

Daftari hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha mambo yanakoelekea kabla hayajaharibika. Ya pili ni kulinda amani. Samaki wakifa, kabla ya mtu kumtaja jirani au mweka hazina, fungueni daftari mbele ya wote. Hesabuni siku tangu samaki waingie. Tazameni chakula na maji. Mara nyingi jibu litakuwa limeandikwa pale. Samaki waliokufa wanaweza kununuliwa tena kwa michango ya miezi miwili. Mwanachama aliyeitwa mwizi au mchawi mbele ya wenzake harudi kwa michango.

Na katika bajeti, wekeni wiki sita hizi tangu mwanzo: pesa za mitungi ya maji, za chumvi, za matone ya kupimia. Kikundi kilichoahidi wanachama samaki wengi tangu mwezi wa kwanza kitalazimika kujaza tangi haraka. Semeni ukweli mapema: mwezi na nusu wa kwanza ni wa kulea maji.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maji ya tangi letu yanatoka wapi? Je, yana klorini, chokaa au chumvi? Tumejuaje?
2. Tangi letu ni la lita ngapi? Samaki waliomo wana uzito gani kwa jumla, na wanakula gramu ngapi kwa siku? Pigeni hesabu ya amonia kama tulivyofanya hapo juu.
3. Bomba lisipotoka wiki nzima katika wiki ya pili, tutafanya nini?
4. Ni nani mwenye tangi la zamani hapa karibu atakayeweza kutupa mbegu ya chujio?
5. Samaki wakifa kesho, ni nani ataitisha mkutano, na ni kitu gani kitakachofunguliwa kwanza?

KAZI YA WIKI HII

Tafuteni pipa la kukalisha maji. Nunueni daftari. Chagueni wa zamu kwa siku saba. Na kama samaki wamo tangini tayari, leo jioni pimeni chakula chao kwa kijiko, mkate nusu.